Mafunzo Niliyopata kwa Kufuatilia Marekebisho ya Kompaila Nikiwa Kimilili

Naandika programu za kompyuta mjini Kimilili, kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Wateja wangu ni vyama vya wakulima wa kahawa, wenye maghala ya mahindi na maduka ya dawa za mifugo, kuanzia Maeni na Kibingei hadi Kamukuywa tunakopandia matatu za Kitale. Jioni nafundisha vijana waliomaliza kidato cha nne. Kazi zote hizi zinategemea kompaila, yaani programu inayochukua maandishi ya mwandishi na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza.

Kompaila hurekebishwa kila mwaka. Wengi wetu huku huzichukulia habari hizo kuwa za mbali, za watu wa California na Ulaya. Nimezifuatilia kwa miaka kadhaa, hasa za lugha ya Go na Python ninazotumia kila siku, na nimeona jinsi marekebisho yanayofanywa huko yanavyomfikia mkulima wa hapa kwenye simu yake. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Maelezo ya toleo husomwa kabla ya kusakinisha

Kila toleo jipya la kompaila huja na maelezo yanayotaja kilichobadilika. Watu wengi husakinisha kwanza, wakasoma baadaye wakipata shida. Mimi hupakua ukurasa huo mapema na kuusoma hata stima ikiwa imepotea. Ninaposoma huwa natafuta mambo matatu: tabia gani ya lugha imebadilika, mashine au mfumo gani hautumiki tena, na kasoro zipi zimerekebishwa. Hayo mengine yanaweza kungoja.

Go hutoa matoleo makubwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, na kila toleo huendelea kutunzwa hadi matoleo mawili makubwa yatoke baada yake. Maana yake ni kwamba anayetumia toleo la miaka mitatu iliyopita hapati tena hata marekebisho ya usalama. Kwa upande mwingine, msimu wetu mkubwa wa kahawa huangukia miezi ya mwisho wa mwaka, na hakuna karani wa mzani anayetaka kuletewa mageuzi wakati foleni ya wakulima imefika barabarani. Kwa hiyo mabadiliko makubwa nayafanya baada ya toleo la Februari, na toleo la Agosti nalisoma na kuliweka kando hadi msimu uishe. Marekebisho madogo ya usalama hayangoji.

2. Programu inaweza kufuata kanuni zote na bado mkulima akapewa hesabu ya mwingine

Hili ndilo funzo lililonigusa zaidi. Nilikabidhiwa programu iliyoandikwa kwa Go na mtu mwingine, ya chama kimoja cha kahawa. Kazi yake ilikuwa kusoma uzito wa kahawa mbivu kutoka kwenye mzani, kuuhifadhi, kisha jioni kumtumia kila mkulima ujumbe wa SMS wenye kilo zake za siku hiyo. Wakati wa majaribio, karani alikuwa akituma ujumbe wa mkulima mmoja mmoja, na kila kitu kilikuwa sawa. Siku waliyoamua kutuma za wakulima wote kwa pamoja, simu zikaanza kulia.

Bibi mmoja, tunayemwita Kukhu kwa heshima, alikuja na simu mkono huu na risiti ya karatasi mkono ule. Risiti ilisema kilo 41, simu ilisema kilo 7. Akaniambia, "Mwanangu, hizi kilo saba si zangu. Mimi nilileta magunia, na karani aliniona." Jirani yake pia alikuwa ameandikiwa kilo 7. Wote waliokuwa kwenye orodha ile walikuwa wamepokea kilo 7, na hizo zilikuwa za mkulima wa mwisho kupimiwa.

Chanzo kilikuwa tabia ya zamani ya Go yenyewe. Programu ikipitia orodha kwa neno la amri *for*, kompaila ilikuwa ikitumia debe moja kwa wakulima wote: inamimina kilo za wa kwanza, inamwaga, inamimina za wa pili, hadi wa mwisho. Katika programu ile, namba ya simu ilikuwa inanakiliwa papo hapo, lakini kilo zilishikwa kwa anwani ya debe tu. Ujumbe ulipokuja kutumwa baadaye, kila anwani ilielekeza kwenye debe lile lile, na ndani mlikuwa na kilo za mtu wa mwisho. Kompaila haikutoa onyo lolote, kwa sababu kwa kanuni za wakati huo hapakuwa na kosa la kuonya.

Jambo hili halikuwapata watu wa Kimilili peke yao. Mwaka 2020 shirika la Let's Encrypt, linalotoa vyeti vya usalama vya tovuti bila malipo, liligundua kasoro iliyotokana na tabia hii hii ya Go, na vyeti takriban milioni 3 vikaathirika. Waandishi wa lugha ya C# walikuwa wamerekebisha tatizo linalofanana nalo mwaka 2012. Go nayo iliirekebisha katika toleo 1.22, lililotoka Februari 2024, na tangu hapo kila mzunguko wa *for* una debe lake. Kukhu ana debe lake, jirani yake ana lake.

Nilichojifunza ni kwamba programu isiyolalamika haijathibitisha kwamba hesabu yake ni ya kweli. Kilichomlinda Kukhu ni ile risiti ya karatasi. Tangu hapo, popote ninapoweka mashine kwenye mzani, nasisitiza risiti ya karatasi iendelee kutolewa na mkulima aondoke nayo.

3. Kuwa na kompaila mpya hakumaanishi kwamba marekebisho yamekufikia

Mtu anaweza kudhani kwamba akisakinisha Go 1.22, tatizo la kilo 7 limekwisha. Halijakwisha. Kila mradi wa Go una faili liitwalo go.mod, na ndani yake kuna mstari unaotaja toleo la lugha. Programu ile ilikuwa imeandikwa toleo 1.19 kwenye mstari huo. Kompaila mpya ikiuona mstari wa zamani, inafuata kanuni za zamani, ili programu zilizoandikwa zamani zisibadilike tabia bila wenyewe kujua. Tabia mpya huanza pale tu mradi unapotamka toleo 1.22 au la baadaye.

Mwanzoni wanafunzi wangu waliuona mpango huu kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa heshima kwa kazi ya watu. Tangu Go 1 ilipotoka Machi 2012, waandishi wake wameahidi kwamba programu ya zamani itaendelea kukubaliwa na kompaila mpya. Hata marekebisho haya ya mzunguko yalijaribiwa kwanza ndani ya Google kuanzia Mei 2023, kwenye programu zao zote, na miezi minne ikapita bila ripoti ya tatizo katika programu zinazotumika. Kisha kompaila ikapewa swichi ya kuorodhesha kila mzunguko ambao sasa utatafsiriwa tofauti. Niliiendesha kwenye programu ya chama, nikapata orodha ya faili na namba za mistari, nikaipitia yote kabla ya kubadilisha go.mod.

Ukiambiwa kasoro fulani imerekebishwa, uliza swali la pili: ni sharti gani lazima nitimize ili marekebisho hayo yanihusu?

4. Ujumbe wa kosa ulioandikwa vizuri huokoa mwanafunzi

Jioni nafundisha Python. Watu wengi hawajui kwamba Python nayo ina kompaila ndani yake, na kompaila hiyo ndiyo inayosoma maandishi yako kwanza na kulalamika.

Katika matoleo ya zamani, kijana akisahau kufunga mabano kwenye mstari wa nne, mashine ilikuwa ikilalamika kuhusu mstari wa tano, kwa maneno mafupi kwamba sarufi si sahihi. Nimewaona vijana wakiukodolea macho mstari wa tano ambao hauna kosa lolote, wakaufuta, wakauandika upya, wakaufuta tena. Mmoja alifunga daftari akasema, "Mwalimu, mimi si mtu wa kompyuta." Alikuwa mtu wa kompyuta sawasawa. Ujumbe ndio uliompeleka mahali pasipo na kosa.

Toleo 3.10, la Oktoba 2021, lilibadilisha hali hiyo. Sasa mashine inaonyesha bano lenyewe lililofunguliwa na kusema halikufungwa. Ukisahau nukta mbili mwishoni mwa sharti, inasema ilitarajia nukta mbili. Ukikosea herufi katika jina, inakuuliza kama ulikusudia jina lile jingine linalofanana nalo. Mengi ya haya yaliwezekana kwa sababu mwaka mmoja kabla, katika toleo 3.9, waandishi wa Python walikuwa wameanza kutumia kichanganuzi kipya cha sarufi badala ya kile cha zamani.

Mtoto wa Kimilili mara nyingi hujifunza bila mtu wa kumuuliza. Mwalimu wa kompyuta shuleni ni mmoja kwa wanafunzi wengi, na intaneti ni ya kununua. Kwake ule ujumbe kwenye kioo ndio mwalimu aliyepo. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema kwamba kuboresha ujumbe wa makosa ni jambo dogo, sikubaliani nao hata kidogo. Nawafundisha wanafunzi wangu kuusoma ujumbe wote hadi neno la mwisho, na kuutafsiri kwa Kiswahili au Kibukusu kabla ya kugusa kibodi.

5. Kila sasisho lina bei, na bei hiyo hulipwa kwa bando na kwa mashine kuukuu

Kompyuta nyingi za saiba na za shule huku ni za mitumba, na nyingi bado zinaendeshwa na Windows 7. Go 1.20 ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7 na 8; kuanzia 1.21, la Agosti 2023, unahitaji Windows 10 au zaidi. Python iliiacha Windows 7 mapema zaidi, kwani 3.8 ndilo la mwisho kufanya kazi humo. Kwa maneno mengine, ule ujumbe mzuri wa makosa wa toleo 3.10 haumfikii mtoto anayehitaji msaada kuliko wengine wote, kwa sababu tu ya mashine anayotumia.

Suluhisho tulilopata ni Linux. Tuliiweka kwenye kompyuta kuukuu za darasa la jioni, na sasa zinatumia Python mpya bila shida. Zimepata na faida ya kasi, maana toleo 3.11 la Oktoba 2022 lilifanya programu za Python ziende kasi zaidi kwa wastani wa asilimia 25 kuliko 3.10 katika vipimo vya waandishi wake. Kasi hiyo tuliipata bila kununua hata kompyuta moja.

Bei nyingine ni ya bando. Tangu Go 1.21, mradi ukitaja toleo jipya kuliko ulilo nalo, Go inaweza kuipakua kompaila hiyo yenyewe kutoka kwenye intaneti. Kwa mtu wa ofisi yenye waya wa fiba hilo ni jambo jema. Kwa anayetumia bando la simu, makumi ya megabaiti yanaweza kuondoka kabla hajajua kinachoendelea. Dawa yake ni kuweka mpangilio wa GOTOOLCHAIN kuwa *local*, ili Go itumie kompaila iliyopo tu. Huwa napakua faili la toleo jipya mara moja, nalibeba kwenye flashi, na kuligawa kwa kila anayelihitaji mjini. Go ina uzuri mwingine hapa: programu iliyokamilika hutoka ikiwa faili moja tu, nami naweza kuitayarisha kwenye Linux yangu iende kufanya kazi kwenye Windows ya karani, hata kama pale kwenye kiwanda cha chama hakuna intaneti kabisa.

6. Kompaila huandikwa na binadamu, na binadamu wanahitaji ripoti nzuri

Programu ikiharibika, mshukiwa wa kwanza ni mwandishi wake, na karibu kila mara shuku hiyo huwa sahihi. Hata hivyo kompaila nazo hukosea. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitangaza matokeo ya chombo chao kiitwacho Csmith, kinachotunga programu za C kwa kubahatisha na kuzipitisha kwenye kompaila mbalimbali. Walipata kasoro zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zimejulikana, na kila kompaila waliyoijaribu iliwahi kutoa matokeo yasiyo sahihi bila kusema neno.

Mwaka 2025 wahandisi wa kampuni ya Cloudflare nao walieleza jinsi walivyofukuzia programu za Go zilizokuwa zikianguka mara chache sana kwenye mashine za aina ya ARM64, aina ile ile ya vichakata inayotumika katika simu zetu nyingi. Kazi moja iliyopaswa kumalizika kwa mara moja, kompaila ilikuwa ikiigawa katika maagizo mawili. Programu ikikatizwa katikati, baada ya agizo la kwanza na kabla ya la pili, hesabu za ndani ziliharibika na programu ikaanguka. Walichofanya ni kuandika programu ndogo, isiyotegemea kitu kingine chochote, inayoonyesha anguko hilo kila ikiendeshwa kwa muda mfupi. Baada ya hapo marekebisho yaliingia katika matoleo 1.23.12, 1.24.6 na 1.25.

Hapo ndipo lilipo funzo kwetu. Mtu akipeleka ripoti ya kusema "programu yangu haifanyi kazi", hakuna atakayemsaidia. Akipeleka mistari michache inayoonyesha kasoro, toleo la kompaila, aina ya mashine, alichotarajia na alichopata, ripoti yake itasomwa kama ya mtu wa San Francisco. Kwa wanafunzi wangu nimeifanya sheria: punguza programu hadi usiweze kuondoa mstari mwingine na kasoro ikabaki, ondoa majina na namba za simu za wakulima, kisha ndipo uandike. Mara nyingi kabla ya kufika mwisho unagundua kwamba kosa lilikuwa lako, na hapo pia umefaidika.

7. Kuzima kitu kibovu ni marekebisho kamili

Mei 2021 waandishi wa lugha ya Rust walikuta kwamba sehemu ya kompaila yao inayohifadhi kazi ya awali, ili utafsiri unaofuata uwe wa haraka, ilikuwa na kasoro zinazoweza kuharibu matokeo. Siku chache baada ya toleo 1.52.0 walitoa 1.52.1, ambalo liliizima sehemu hiyo. Watumiaji wote wakarudi kwenye utafsiri wa polepole. Ilirudishwa Julai mwaka huo huo katika toleo 1.54, baada ya marekebisho.

Huhitaji kutumia Rust ili ufaidike na uamuzi ule. Usiku wa tatizo la kilo 7, jambo la kwanza lililofanyika kiwandani lilikuwa kuzima SMS zote na kuwatangazia wakulima kwamba risiti ya karatasi ndiyo ya kuaminiwa. Baadhi ya viongozi wa chama waliona hiyo ni aibu. Kwa maoni yangu aibu ingekuwa kuziacha ziendelee kutumwa hali tunajua zinadanganya. Mtumiaji anaweza kuvumilia mwendo wa polepole, anaweza kuvumilia kukosa huduma kwa siku kadhaa, lakini hesabu ya uongo kuhusu jasho lake hapaswi kuvumilia.

8. Weka kazi ya siku moja ya kweli kama kipimo

Kwa kila chama ninachokihudumia, ninahifadhi rekodi za siku moja ya mzani, majina yakiwa yamebadilishwa, pamoja na majumlisho yake yaliyothibitishwa kwa mkono na karani. Kabla ya kuhamia kompaila mpya, naitafsiri programu kwa kompaila ya zamani na kwa mpya, naziendesha zote kwa rekodi zile zile, kisha nalinganisha matokeo mstari kwa mstari. Yakitofautiana hata kwa nusu kilo, sihami hadi nijue sababu. Ndani ya rekodi hizo kuna orodha ya wakulima wengi wanaotumiwa ujumbe kwa pamoja, kwa sababu kasoro ile ilijificha katika wingi. Kazi hii haihitaji intaneti wala mashine ya gharama, na kijana yeyote aliyemaliza darasa langu anaweza kuifanya.

Mwaka 2022 KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala ya Kenya, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili nchini. Kibabii, chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2015, kiko hapa hapa Bungoma. Vijana wa kuelewa mambo haya tunao. Ombi langu kwa walimu wao ni kwamba wasiishie kuwafundisha kuandika programu. Wawafundishe pia kusoma maelezo ya toleo na kuandika ripoti ya kasoro. Kwa viongozi wa vyama vya wakulima, ombi langu ni kwamba mnapolipia programu, muulize imetafsiriwa kwa toleo gani la kompaila, na nani atawajibika toleo hilo litakapoacha kutunzwa. Nawe uliyeshika kibodi huko Kimilili, Chwele au Kitale, angalia leo ni toleo gani unalotumia, soma kilichorekebishwa tangu litoke, na ukikuta kasoro ya kweli, iripoti.